Nilimwambia Shangazi Gari Lake Limekufa, Kumbe Limebadilishwa Jina Tu

Nimekosa, na sitaki kuzunguka. Nilimdanganya shangazi yangu, dada wa baba yangu mzazi, mchana kweupe, huku natabasamu.

Nilikuwa nauza magari kwenye yadi moja hapa Kigali, si mbali na Gisimenti. Magari ya kifahari ya familia, yale ya viti safu tatu. Mimi nimekulia Tanzania, najua kuongea, wateja walinipenda. Jamani, mdomo wangu!

Shangazi yeye alikulia Bujumbura. Ni mjane, anauza vitenge Kabuga. Gari lake lilikuwa la marehemu mumewe, na aliliendesha taratibu, kama vile mwenyewe bado amekaa pembeni anamwangalia.

Sasa, kampuni inayotengeneza magari yale iliamua kufuta majina yote ya zamani. Ikaleta herufi mpya na namba mpya. Gari la aina ya lile la shangazi likapewa jina jingine. Injini ile ile, milango ile ile, viti vile vile. Kilichobadilika ni maandishi ya nyuma!

Sisi wauzaji tulijua wote. Bosi alituambia, "Mteja akiuliza, semeni la zamani limesimamishwa. Huo si uongo." Na kweli lilisimamishwa. Jina!

Siku moja shangazi akaja yadi. Taa yake ya mbele ilikuwa imepasuka, akataka nimsaidie kupata nyingine. Taa tu, ndugu zangu! Nikamwambia:

"Shangazi, gari lako halitengenezwi tena. Vipuri vitapotea. Liache hapa, uongeze pesa kidogo, uchukue hili lililokuja badala yake."

Akalizunguka lile jipya. "Mbona iko sawa na yangu?"

"Zinafanana kwa nje tu."

Akanishika mkono. "Wewe ndiye unajua mambo haya, mwana wanjye, mtoto wangu. Sawa."

Ili aongezee, aliuza kibanda chake kimoja sokoni. Mimi nikapata kamisheni, ofisini wakanipigia makofi. Nikafurahi! Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye akanipigia simu. Alikuwa amebaki na kapeti za mpira za gari la zamani, zile zinazokatwa kufuata umbo la sakafu. Alishindwa kuzitupa, akazijaribu kwenye gari jipya.

"Mwana wanjye, mbona zimeingia?"

Nikatoka nje ya ofisi, simu sikioni.

"Hata ya kwenye buti imeingia, kona zote. Hii gari iko ile ile. Ulijua?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. "Nilijua, shangazi."

Akakata simu.

Nikamkimbilia bosi, nikamwomba turudishe gari la shangazi. Lilishauzwa, mteja alishaondoka nalo. "Umeuza mwenyewe, sasa unalia nini?" akanijibu. Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Wiki hiyo hiyo wakaingia mume na mke na gari lao la jina la zamani. Mama akauliza kama ni kweli la kwao limekufa. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikajibu kwa sauti ya kusikika yadi nzima:

"Halijafa, mama! Ni hili hili, limepewa jina jingine. Vipuri ni vile vile. Rudini nyumbani na gari lenu."

Kazi ikaisha hapo hapo. Bosi akaniita msaliti, wenzangu wakaniblock kwenye simu. Waniblock tu! Nililosema siku ile sitalijutia hata kidogo, na wakinirudisha leo nitalisema tena.

Ninachojutia kiko Kabuga. Nilikwenda. Nikampigia shangazi magoti mbele ya wateja wake.

"Simama," akasema. "Gari nitazoea. Lakini mimi niliona, nikakuambia iko sawa. Nikaacha macho yangu, nikafuata mdomo wako. Hiyo ndiyo siwezi kuzoea."

Sasa naolewa. Kwetu shangazi ndiye anayekukalisha chini kabla ya harusi, akakuambia yale ambayo mama hawezi kukuambia. Amesema kanisani atakuja, ila kunikalisha nitafute mwingine.

Simtafuti! Mama amelia, wifi amejitolea, nimekataa. Kama shangazi hatanikalisha, sitakalishwa na mtu.

Wewe unayeambiwa kitu chako kimekufa, usikubali upesi hivyo. Kaa ndani ya kile kipya, gusa, linganisha, na macho yako yakikuambia ni kile kile, yaamini, hata kama anayekubishia ni mtoto wa kaka yako.

Na wewe unayeuza: ndugu akija kuomba taa, mpe taa!