Ubao wa Rihab Wagoma

Mkaza mwanangu Rihab ana ugonjwa wa kutaka kujua. Wiki ya kwanza ya ndoa aliifungua saa yangu ya ukutani aone ndani kuna nini, nikamnunia siku tatu. Lakini ndiye aliyetutengenezea ule ubao mdogo wa umeme unaolinda joto la chumba cha kuangulia mayai, kazi ambayo sisi wa kijiji cha Birma, huku Misri, tumeirithi kwa babu zetu.

Siku ile mayai mia sita ya bata yalitimiza siku ishirini na tano. Hapo lazima joto lishushwe, la sivyo vifaranga hufia ndani. Rihab akauchomeka ubao kwenye kompyuta aupe maagizo mapya. Ukakataa. Kwenye kioo zikatoka herufi za ajabu ajabu.

"Huo ubao wako umeingiwa na wazimu," akasema mume wangu, Abdulsattar. "Mayai haya yakiharibika, hukanyagi tena humu."

"Sawa, baba. Ila mbona juzi ubao huu ulikuwa unasikia?"

Akabadilisha waya wa kompyuta, wapi. Akapunguza kasi ya mazungumzo kati ya kompyuta na ubao, wapi. Abdulsattar akawa anawasha na kuzima hita kwa mkono, akiligusisha yai moja moja kwenye kope la jicho, maana ndicho kipimo chetu cha asili. Jasho lilimtoka.

Rihab akaanza kuchomoa waya za ubaoni, akijaribu kila baada ya moja. Alipotoa mbili za kipimo kipya cha unyevu, maagizo yakapita.

"Ahaa. Ubao huongea na kompyuta kupitia vitundu hivi viwili vya mwanzo," akasema. "Kipimo nacho kilikuwa kinapiga domo humohumo. Wataelewana vipi?" Akazihamishia zile waya kwenye vitundu vya mbali zaidi. "Lakini mimi sikuzichomeka hapa. Ni nani?"

Nilijua ni nani. Kwetu trei hujazwa kuanzia safu ya mlangoni, na huruki hata nafasi moja.

"Ni mimi," akasema Abdulsattar. "Jana nilipofagia niliona umeacha nafasi mbili tupu mwanzoni. Nikadhani ni uzembe, nikazisogeza waya."

"Ungeniuliza tu, baba."

Miaka arobaini nimeishi na mzee huyu, sijamsikia akimuuliza mtu kitu kuhusu kazi ya mayai. Akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Haya. Hiki kitundu cha tatu kina kazi gani?"