Daftari Nililolichana

Nilikuwa nageuza dagaa kwenye chanja, harufu yao imenijaa puani, mdogo wangu anayesoma chuo pale Nyegezi aliponisomea insha yake kuhusu kumbukumbu na utambulisho katika fasihi ya kisasa. Kumbe na sisi katuweka humo. "Dada yangu," alisoma, "aliacha shule kwa kuwa hakupenda vitabu."

Nikaacha kugeuza.

Wiki ile tuliyomzika mama, baba akiwa ametangulia, nilikaa sokoni Mabatini nikiuza beseni la dagaa. Sikuwa na karatasi za kufungia. Nikachana daftari langu la insha, ukurasa mmoja mmoja, na tiki zake nyekundu. Mwenzangu wa darasani akapita na sare yake. "We, leo tiki zako zinanuka dagaa!" Mdogo wangu, niliyempakata, akaniangalia usoni, akaanza kulia.

"Nani kakwambia sikupenda?" nilimuuliza sasa.

"Nakumbuka mwenyewe, Dada. Ulikuwa unalichana daftari huku unacheka."

"Nilicheka ili wewe unyamaze, mjinga wewe! Toa kalamu. Futa hapo, uandike hivyo hivyo nilivyosema, tena nikiwa nakuona."