Sahani ya Pili ya Shangazi

Fundi alipotoka kwenye ndoa yake alitoka na vitu viwili tu, cherehani na paka. Vingine vyote, kuanzia kitanda mpaka kijiko, alimwachia mume avikumbatie. Watu walimshangaa. Mwanamke mzima anaacha kabati la milango mitatu, anabeba paka! Yeye akawajibu kuwa kabati halimpokei mtu mlangoni. Paka mwenyewe alikuwa jike la kijivu, mnene wa shingo, mwenye macho ya kumkagua mtu toka viatu mpaka nywele, kama anayetaka kujua umeolewa lini na mbona umekonda. Kwa macho hayo akaitwa Shangazi.

Walihamia kwenye fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya tatu, ambako tayari walikuwa wakiishi wanawake wawili. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa hospitali, mtu wa makamo kama Fundi, na mtaa mzima ulimwita Sista. Wa pili alikuwa msichana anayefundisha chekechea, naye akaitwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa na paka dume wa rangi ya njano, aliyeingia kwa dirisha la jikoni siku ya mvua kubwa na kukataa katakata kutoka. Walimpa jina la Mpangaji, maana chumba alijichagulia mwenyewe na kodi halipi. Sista hakufuga kitu. Alisema zamu za hospitali hazimruhusu kufuga hata mbu.

Nyumba haikuwa na sheria nyingi. Ya kufagia ilivunjwa kila wiki, na ya kuosha sufuria ilikufa siku ilipozaliwa. Iliyoheshimiwa ni moja tu, kwamba kila paka anakula kwa mwenyewe. Sheria hiyo ilitungwa baada ya Mpangaji kula kwa Mwalimu, akala kwa Fundi, akamalizia kwenye sufuria ya Sista iliyoachwa wazi, kisha akaharisha katikati ya zulia la sebuleni. Hakuna aliyekubali kusafisha, kwa kuwa hakuna aliyejua ni chakula cha nani kilichotoka. Sista ndiye aliyesimama na kutoa hoja. "Paka anayekula sahani mbili hana mwenyewe," alisema, na wenzake wakaafiki.

Fundi na Sista walikuwa chanda na pete. Wiki ile ya kwanza, Fundi alipokuwa bado anaweka vikombe viwili mezani kwa mazoea ya ndoa, Sista ndiye aliyemkuta jikoni ameduwaa na kikombe cha ziada mkononi. "Lia tu, mwenzangu," alimwambia. "Hapa hakuna wa kukucheka." Wakaketi sakafuni wote wawili mpaka chai ikapoa. Tangu siku hiyo Fundi hakuwa na siri kwa Sista. Alimweleza ya mume, ya mawifi, na ya yule mwanamke mwingine aliyekuwa akimpigia mume simu kwa jina la fundi bomba.

Basi, Shangazi akaacha kula.

Fundi alifanya kazi kwenye duka la mapazia, akishona tangu asubuhi mpaka mgongo ukakamae. Jioni alipitia buchani, akachukua maini, akayachemsha na kuyakatakata, akamwekea Shangazi kwenye sahani yake. Shangazi alikuja kwa heshima, akanusa, akamtazama Fundi kama mgeni aliyekaribishwa chakula akiwa ameshiba, akaenda zake kulala. Mpangaji ndiye aliyeyamaliza. Ikawa hivyo siku baada ya siku, na Fundi akawa anakwenda kazini na moyo uko nyumbani.

Mtu mwenye akili zake angejiuliza, mbona paka asiyekula hakondi? Fundi alijiuliza, tena akamwuliza Sista, kwani nyumba ikiwa na muuguzi humwulizi muuza mkaa. Sista akampapasa Shangazi tumbo kwa ujuzi wote wa wodini, akatikisa kichwa. "Huo si unene," akasema. "Huo ni uvimbe. Nimeona wagonjwa wa namna hiyo." Fundi akaamini, maana aliyesema ni Sista.

Wakampeleka Shangazi kwa daktari wa mifugo ndani ya kapu la vitambaa. Daktari alikuwa mzee mwenye miwani na mikono mizito, kwa jinsi alivyozoea ng'ombe. Alimbonyeza Shangazi kila mahali. "Ugonjwa siuoni," alisema. "Lakini kama hali, tumchome vitamini." Sista akamshika miguu. Shangazi alitoa ukelele ambao Fundi hakuwahi kuusikia, naye Fundi akageukia ukutani, machozi yanamtoka, na Sista akampapasa mgongo kwa mkono uliobaki. "Vumilia, Shangazi," alisema kwa sauti ya upole. "Ni kwa faida yako." Walirudi tena kwa daktari yule, na tena, na kila mara Sista alikuwa hapo kushika miguu.

Fundi alijiona ana deni ambalo hatalimaliza. Kwa hiyo Sista alipomwomba amshonee binamu yake mapazia, binamu anahamia nyumba mpya na hana hata kitambaa dirishani, Fundi alikataa kupokea hata uzi. Aliyashona siku yake ya mapumziko, ya rangi ya maziwa, yenye bitana na pindo pana, kazi ambayo dukani huwafanyia wateja wanaokuja na madereva. Sista aliyashika, akayapitisha shavuni. "Wewe si rafiki," alisema. "Wewe ni ndugu yangu." Fundi alilala vizuri baada ya maneno hayo.

Siku moja umeme ulikatika dukani, mwenye duka akawaruhusu waondoke mapema. Fundi akapitia buchani kama kawaida. Alipofungua mlango wa fleti alivua viatu, na kabla hajafika jikoni akasikia sauti ya Mwalimu ikitoka chumbani kwa Sista. Ilikuwa sauti ile ya darasani, ya kubembeleza watoto wamalize uji. "Kula, mtoto mzuri. Kula, usibakishe."

Mlango ulikuwa nusu wazi. Mwalimu alikuwa amechuchumaa, na mbele yake Shangazi ameinamia sahani ya buluu iliyojaa samaki wa kopo. Kando palikuwa na mto mdogo wenye manyoya ya kijivu, kitana, na kikapu kipya chenye mlango wa waya. Shangazi aliinua kichwa, akamwona Fundi, akalamba midomo, akarudi kwenye samaki wake.

"Dada! Mbona mapema?" Mwalimu aliruka.

"Unamlisha nani hapo?"

"Si... Sista aliniomba. Akiwa na zamu ya mchana namlisha mimi. Kwani vipi, dada? Si mmekubaliana?"

"Tumekubaliana nini?"

"Kwamba anahama naye mwisho wa mwezi. Usiniangalie hivyo, dada. Hata mapazia si umemshonea wewe? Nikajua yameisha, mmeelewana."

"Mapazia ni ya binamu yake."

Mwalimu alikitazama kile kikapu kipya. Kisha akauliza polepole, kama anayeogopa jibu, "Binamu gani?"

Fundi aliegemea ukuta. "Na sindano je? Tulipokuwa tunampeleka kuchomwa, wewe ulidhani nini?"

"Sista alisema ni za minyoo."

"Hukuniuliza hata siku moja?"

"Alisema ukitajiwa habari za kuachana na Shangazi unalia. Akaniambia nisikuguse, ndio kwanza unapona."

Hapo ndipo Fundi alipoelewa. Machozi yake mwenyewe, yale aliyoyamwaga sakafuni jikoni kwa kuamini kuwa hakuna wa kumcheka, yalikuwa yamegeuzwa kufuli la kumfungia mdomo Mwalimu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu. Huyu hakuwa nguoni tu, alikuwa ndani ya ngozi.

Sista aliporudi, na sare yake ya kazi, alimkuta Fundi ameketi jikoni. Maini yalikuwa bado kwenye karatasi ya buchani, na sahani ya buluu ilikuwa katikati ya meza. Mtu asiye na kosa angeuliza kuna nini. Sista aliuliza, "Nani kakwambia?"

"Kumbe kulikuwa na la kuambiwa."

Sista alivuta kiti akaketi, mkoba ungali begani. Alisema amepata chumba karibu na hospitali. Alisema maishani mwake hajawahi kukaa peke yake, ametoka kwa wazazi akaingia bwenini, ametoka bwenini akaingia fleti ya watu. "Kila nikifikiria kufungua mlango ule nikute ukuta, naogopa. Wewe mwenyewe ulituambia kabati halimpokei mtu mlangoni. Nikasema basi, anizoee kwanza. Akinizoea, utaona mwenyewe kwamba amenipenda, na hutaumia sana."

"Ulimshika miguu akichomwa."

"Zilikuwa vitamini, Fundi. Hazikumdhuru."

"Ulimshika miguu, Sista! Anapiga kelele, na unajua tumbo lake limejaa samaki wako. Mimi nalia ukutani na wewe unanipapasa mgongo." Sauti ya Fundi ilikatika, akaivuta tena. "Mume wangu alinizunguka, sawa. Mume alikuwa anatoka nje kwenda kunizunguka. Wewe umenizunguka humu humu ndani, unanipikia na chai."

"Ningekuomba ungekataa."

"Hukuniomba."

Sista aliondoka kabla mwezi haujaisha, na kikapu chake kitupu. Fundi alimfungia Shangazi chumbani mpaka ngazi ziliponyamaza. Alidhani ameshinda.

Safari hii Shangazi aligoma kweli. Maini aliyakataa, maziwa aliyakataa. Fundi alimeza uchungu wake akanunua samaki wa kopo, akaviweka vipande kwenye sahani ile ile ya buluu, akachuchumaa mbele yake kama alivyomwona Mwalimu akifanya. Shangazi alinusa, akainua macho, akatazama nyuma ya Fundi kama anayetaka kujua mwenyewe yuko wapi. Kisha akaenda kulala kwenye mlango wa chumba kilichohamwa. Shingo ile nene ikaanza kupungua. Mwalimu, ambaye sasa alikuwa anafagia kila siku bila kukumbushwa, alimbeba Mpangaji mikononi akamletea Fundi. "Chukua huyu, dada. Mimi nitapata mwingine." Fundi alicheka kicheko kikavu, akamwambia ampeleke akale.

Alimbeba Shangazi peke yake kwa daktari. Hakukuwa na wa kushika miguu, na haikuhitajika, maana Shangazi alilala mezani kama kitambaa. Daktari alimpima, akaweka sindano pembeni bila kuifungua.

"Mama, hii haina dawa. Huyu anamngoja mtu wake."

"Mtu wake ni mimi," Fundi alisema.

Daktari alivua miwani akaifuta.

Angeweza kumng'ang'ania. Haki ilikuwa yake, na kila jirani angemuunga mkono. Lakini haki hailiwi, na Fundi aliuona mgongo wa paka ukitokeza mifupa chini ya manyoya. Jumapili alasiri alichukua kapu la vitambaa, akamwuliza Mwalimu njia, akaenda.

Sista alifungua mlango akiwa na kandambili miguuni. Alipoliona kapu alijishika kifua, macho yakajaa maji. "Karibu, mwenzangu. Karibu ndani."

"Siingii."

Fundi aliliweka kapu kwenye kizingiti akalifunua. Shangazi alitoka akiyumba, akanyoosha shingo kunusa, kisha akapita katikati ya miguu ya Sista akaingia ndani. Hakugeuka.

"Ungeniomba, Sista, ningekupa," Fundi alisema. "Ningelia, lakini ningekupa."

"Najua."

Fundi alimtazama. Siku zote hizi alikuwa amejiambia kwamba Sista aliiba kwa kuogopa kunyimwa, na woga mtu anaweza kuusamehe. "Unajua? Basi kwa nini?"

Sista alijifuta uso kwa kiganja. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisema kweli tupu. "Ungenipa, angekuwa paka wako ninayemlea. Nilitaka awe wangu."

Fundi aliokota kapu. Alishuka ngazi mbili tatu, akasikia mlango ukifungwa taratibu, akasimama. Alijiambia anapumzika. Ukweli ni kwamba alikuwa anasikiliza, maana katika miaka yote aliyoishi na Shangazi, hakuwahi kumfungia mlango paka huyo akakosa kulia nyuma yake mpaka jirani alalamike. Alisubiri kilio hicho. Kama angekisikia, hata kimoja, angepanda kumchukua, na Sista akae na ukuta wake.

Mwanamume mmoja aliteremka na ndoo ya takataka, akamwuliza kama amepotea. Fundi alisema hapana, akajibanza ukutani ampishe. Mtu yule akapita, mlango wa chini ukajifunga, jengo likatulia. Fundi alitega sikio mara ya mwisho, na juu kule Shangazi hakulia.