Rosi Amebaki Kwao Milimani

Tangu asubuhi nazunguka tu humu ndani. Nimechemsha chai mara mbili na sijainywa. Nakaa, nasimama, nashika simu, naiweka.

Aliyenipigia ni Stefan, kaka yake Rosi, akiwa site kwenye kazi yake ya ujenzi huku Brussels. "Neema, gari la Rosi liliteleza jana. Hatunaye tena."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Bado akili imegoma.

Kwa msiomjua: Rositsa alikuwa Mbulgaria. Tulikaa naye meza moja kwa miaka, kwenye ofisi ndogo karibu na Schuman, mtaa wa ofisi za Umoja wa Ulaya, inayochora ramani za mikoa ya Ulaya. Wiki yake ya kwanza aliniuliza, "Kwenu kuna milima?" Nikamwonyesha picha za Lushoto kwenye simu. Akasema, "Basi wewe utanielewa."

Kwao ni wilaya ya vijijini kusini kabisa mwa Bulgaria, kwenye milima ya Rodopi. Mto uko chini, misonobari iko juu, na vijiji vimetawanyika katikati. Vingine vya Waislamu, vingine vya Wakristo, vingine wamechanganyika, na wote wanalima tumbaku.

Kuna meeting moja sitaisahau. Bosi aliweka ukutani ramani ya idadi ya watu. Maeneo yanayopoteza watu yalipakwa kijivu, na wilaya ya kina Rosi ilikuwa kijivu iliyokolea. Bosi, bila nia mbaya, akasema hapo tuandike "hapana watu."

Rosi akanyoosha mkono. "Mama yangu yupo hapo. Saa hizi anakamua mbuzi."

Tukaandika kitu kingine. Lakini Rosi hakutulia tena. Lunch break alikuwa anatembea barabarani na sandwich mkononi, mimi namkimbilia nyuma.

Nilipopata leave akanipeleka kwao. Barabara ina kona mpaka nikatapika, na mama yake akanipokea na bakuli la mtindi kama vile ananijua tangu nizaliwe.

Tulipanda mpaka kijiji cha mwisho. Nyumba za mawe, nyingi zimefungwa. Shule imeota majani darasani. Walibaki wazee wachache, mmoja wao Bibi Fatme, mgonjwa wa kisukari. Nikauliza watoto wake wako wapi. Rosi akatafsiri: "Ujerumani, Hispania, Ubelgiji."

Bibi Fatme naye akaniuliza, "Na wewe kwenu umemwacha nani?"

Nilikunywa maji kwanza kabla ya kumjibu.

Tuliporudi Brussels, Rosi akaacha kazi. Kila mtu ofisini alidhani amepata kazi bora zaidi. Mimi nilimgombeza. "Rosi, watu wenyewe wamebaki wangapi? Unakwenda kumhudumia nani?"

"Hao hao waliobaki."

Akarudi kwao, akanunua gari kuukuu lenye magurudumu ya mlimani, akawa anawapelekea watu wa vijiji vya juu mkate na dawa, na wagonjwa anawashusha hospitali. Voice notes zake zilijaa ngurumo za injini na mbuzi waliogoma kupisha njia. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeshiba usingizi. Hapa Brussels sikuwahi kumsikia hivyo.

Wiki hii theluji imeanguka sana huko. Insulini ya Bibi Fatme ilikuwa inaisha. Rosi akapanda nayo, akaifikisha, akanywa chai na bibi, akaanza kushuka. Kwenye kona kulikuwa na barafu.

Bibi Fatme yuko hai. Sentensi hii nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena. Kuna dakika nashukuru, na kuna dakika nina hasira na mlima, na barafu, na Rosi mwenyewe. Naomba mnivumilie.

Stefan anaondoka jioni hii na majirani zao wa hapa, mafundi na dada wanaosafisha maofisi, wote wa wilaya ile ile. Magari yatafuatana. Wengine wameshatoka Ujerumani. Anasema mama yao anazunguka kijijini kufungua madirisha ya nyumba zilizofungwa miaka mingi, anatandika vitanda, ili wanaokuja kuzika wapate pa kulala.

Mchana Stefan aliniunganisha na mama kwenye simu, yeye akitafsiri. Nilikuwa nimepanga maneno ya pole. Mama akawahi kuniuliza: "Kwenu mtu akiondoka, mnamwambia nini?"

Nikamwambia. Akajaribu kutamka, akakosea. Akajaribu tena, polepole, mpaka akapata.

Rosi, rafiki yangu usiyejua kukaa kitako, flight yangu ni kesho. Mama atanitangulia kukuambia kwa Kiswahili chake kipya, nami nitakuja nisimame karibu yake tukuambie pamoja: lala salama.