Barua Tatu za Lori la Skuli

Mama alifungua chuo cha Qur'ani katika chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga Matrah, mji wa bandari huku Uarabuni, miezi michache baada ya kutoka Unguja. Kufika mwaka wa sabini alikuwa na wanafunzi kumi na tisa, na mimi bintiye, wa miaka kumi na mmoja, ndiye niliyewafunza wadogo alifu na bee. Nusu yao walitoka Ruwi kwa miguu, kupitia njia ya mlimani, wakafika wamechoka hata sauti ya kusomea hawana.

Mwaka huo serikali ilifungua skuli mpya, ya wavulana na ya wasichana, ikaleta na lori lenye mabenchi la kuwachukua wanafunzi. Lori liliwapita watoto wetu mlimani, likawaachia vumbi, kisha likapita mlangoni kwetu nusu tupu. Mama akaomba nao wapakiwe. Dereva alisema hana ruhusa. Wazazi wa skuli nao wakaja juu: mafuta ni ya serikali, na kile ni chuo cha mtu, nyumbani kwake.

"Qur'ani nayo ishakuwa ya mtu?" Mama alimuuliza jirani mmoja.

Basi tukaandika. Kwetu Unguja jambo la serikali liliandikwa, likapigwa muhuri, likajibiwa. Baba, aliyekuwa karani huko, alimwandikia liwali kwa Kiarabu cha kujipinda, akanakili mara mbili. Kimya. Akaandika ya pili, halafu ya tatu. Mpaka leo nikikumbuka alivyokuwa akipiga mistari ya pambizo kwa rula, nakasirika, kisha namwonea huruma.

Hakuna aliyetuambia kwamba huku liwali haandikiwi. Unakwenda barazani kwake asubuhi, unakaa, unakunywa kahawa, unasema shida yako kwa mdomo. Jirani yuleyule ndiye aliyemfahamisha Baba hatimaye, nadhani kwa kuchoka kumwona na bahasha. Baba alikwenda kwa shingo upande. Aliona ni kama kuomba. Alirudi kabla ya adhuhuri. Liwali alimsikiliza, akamuuliza mbona siku zote hizo hakuja, akatoa amri palepale.

Asubuhi ya kwanza lori lilisimama mlangoni, wakashuka watoto wote wa Ruwi, wazima, wanacheka. Sijapata kumwona Mama na furaha ile tena. Wiki ya pili walishuka watano. Waliobaki waliendelea na lori hadi skuli, kwenye madawati na hesabu, na wazazi wao hawakuja kusema neno. Halafu hata wa Matrah wakaanza kupandia hapo hapo mlangoni kwetu. Walimwamkia kwa adabu, "Sabalkheri mwalimu," wakapanda. Mama aliwaitikia mmoja mmoja. Hakulalamika kwa yeyote, na mimi nilichoka kwa niaba yake.

Asubuhi moja nilisimama naye mlangoni, lori linanguruma. Sikuomba kitu. Ila nilikuwa nimeshavaa viatu.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Nshachoka kukuona unaliangalia."

Chumbani walikuwa wamebaki wadogo wawili, wanafunzi wangu, juzuu zao mapajani, wananingoja. Nilipanda. Sikugeuka kumtazama Mama, na hilo ndilo nisiloweza kujisamehe.