Mkanda wa Waziri

Mervyn Pengelly alifanya kazi chumba cha mabamba katika gazeti letu la jioni pale Adelaide kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote sidhani kama alisema maneno ya kujaza ukurasa mmoja. Ukimsalimia aliitikia kwa kichwa. Ukimuuliza habari za nyumbani alisema, "Wapo." Mchora katuni wetu, Lionel Haddrick, ambaye ulimi wake haukupata kupumzika, alimwita Mchungaji, kwa sababu Merv hakukosa kanisa la Wamethodisti kule Hindmarsh, na kwa sababu, alisema Haddrick, ndiye mchungaji pekee katika nchi hii asiyehubiri.

Kazi yake ilikuwa hivi. Mchoro wa Haddrick ulishuka kwake ukiwa kwenye karatasi nene. Merv aliupiga picha, akauhamishia kwenye bamba la zinki, akalilaza bamba kwenye beseni la tindikali. Penye mstari mweusi zinki ilikuwa imekingwa. Kwingine kote tindikali ililamba, mpaka mistari ikabaki imeinuka kama mishipa ya mkono wa mzee. Hiyo mistari iliyoinuka ndiyo inayoshika wino. Ukitaka kuondoa kitu unakichonga kwa patasi ndogo, kimekwenda. Kukirudisha huwezi. Mtu akikuomba uongeze hata nukta moja kwenye bamba lililokwisha kuliwa, hajui anachoomba.

Mimi nilikuwa chumba cha jirani, nikiyeyusha madini ya risasi. Bamba likitoka kwake lilipangwa kwenye ukurasa, nami nikaumwagia ukurasa ule risasi ya moto ili uende mtamboni. Kwa hiyo kila siku kati ya saa tano na saa sita mchana nilisimama mlangoni kwake nikingoja. Nilimwona akiviondoa vipande vya zinki vilivyosalia baina ya mistari, huku akishikilia pumzi. Mstari wenyewe hakuugusa. Siku moja niliona Haddrick amemchorea farasi mguu wa tano kwa haraka, nikamwambia Merv aukate. Alinitazama kana kwamba nimemwambia amwibie mtu koti. Alivua aproni, akapanda ngazi, akamwuliza Haddrick. Haddrick alicheka mpaka akakohoa, kisha akaruhusu.

Mwaka ule wa thelathini na moja mambo yalikuwa mabaya. Serikali ilikuwa imekwisha kupunguza mishahara ya walimu na wauguzi, na sasa ilikuwa zamu ya wajane na wazee wanaoishi kwa posho. Waziri wa Fedha wa jimbo, mtu mnene mwenye sauti tamu, alizunguka kila mji akiwaambia watu wafunge mikanda. Wanaume waliofukuzwa kazi walikuwa wamejenga vibanda vya magunia kando ya mto, na asubuhi ukipita darajani ulinusa moshi wa mioto yao. Vijana wawili wa Merv, wakubwa wenye nguvu, walikaa nyumbani bila kazi. Binti yake alikuwa amerudi na watoto wawili. Mshahara ulioingia nyumba ile ulikuwa mmoja.

Jumatatu ya wiki ninayoisimulia, tangazo lilibandikwa mlangoni kwetu. Lilisema kwamba gazeti nalo limelazimika kubana matumizi, kwamba Jumamosi watu kadhaa wa chini watapewa barua za kuachishwa kazi, na kwamba wataanza na wale ambao kazi yao ina makosa. Merv alilisoma polepole, mara mbili. Tangu siku ile aliacha kula mchana. Alikuwa akija na pasti, andazi la kuoka lenye viazi na nyama ndani, kama wahamiaji wenzake wote wa Kikornish, lakini wiki ile niliiona ikirudi nyumbani imefungwa vilevile kwenye kitambaa chake.

Alhamisi ilikuwa siku ya bajeti. Waziri angeisoma bungeni saa nane, na katuni ilitakiwa iwe mtaani kabla hajafungua mdomo. Haddrick alikuwa amemchora Waziri amempachika goti mgongoni mama mjane, mwembamba kama ufagio, anauvuta mkanda wa yule mama kwa mikono yote miwili. Mkanda wa Waziri mwenyewe ulikuwa umefunguliwa, bizimu inaning'inia, na tumbo limemwagika juu yake kwa raha zote. Ilikuwa katuni ya kawaida. Ungeitazama ukatabasamu, ukafungua ukurasa wa mbio za farasi.

Bamba lilikuwa tayari saa tano na dakika arobaini. Nilikuwa mlangoni. Haddrick alikwisha kwenda bungeni kutafuta nafasi ya kukaa. Ndipo Bwana Stanton, mhariri wetu, aliposhuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata mara mbili kwa mwaka. Mkononi alikuwa na karatasi ya kwanza ya katuni, ile inayochapwa kwa kukagua, na wino wake ulikuwa umemchafua vidole.

Alieleza kwa haraka. Mwenye gazeti alikula chakula cha mchana na Waziri jana yake. Akiona mtu aliyekula naye amechorwa mlafi aliyelegeza mkanda, itakuwa shida. Muda wa kuchora nyingine haupo.

"Utoe huu mkanda wa Waziri, Pengelly," alisema. "Huo tu. Mwingine uache."

Merv aliichukua karatasi akaitazama. Mimi pia niliitazama, nikiwa begani kwake. Haddrick alikuwa mtu mvivu wa mistari. Mkanda ule alikuwa ameutumia pia kuwa ukingo wa juu wa suruali. Chini yake hapakuwa na mstari mwingine.

Merv alifungua mdomo. Alisema, kwa sauti ambayo mimi niliyekuwa hatua moja kutoka kwake niliisikia kwa shida, "Ukitoka mkanda, suruali haitakuwa na kitu cha kuishika."

Bwana Stanton alikuwa anatazama saa ya ukutani. Mashine za kupanga herufi zilikuwa zinalia chumba cha jirani. Alisema, "Dakika kumi," akapanda ngazi.

Merv alibaki na patasi mkononi. Dakika ya kwanza hakufanya kitu. Ya pili aliuendea mlango, akashika kitasa, akakiachia. Nilijua anachofikiria. Kumfuata mhariri juu, mbele ya makarani wote, umwambie hajaelewa, wiki kama ile. Na ukurasa ukichelewa, kosa ni la nani? Nilimwambia, "Merv, risasi inanisubiri." Sikusema zaidi, na mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema zaidi.

Akainama, akashikilia pumzi, akaukata mkanda. Alianzia kwenye bizimu. Aliumaliza safi, bila kuacha mkwaruzo.

Saa sita na nusu mtambo ulinguruma. Nilileta nakala moja ikiwa bado na joto, tukaitandaza mezani kwake. Baina ya shati na suruali ya Waziri palikuwa na mwanya mweupe, nyama ya tumbo imekaa wazi, na suruali inaonekana wazi kwamba inaporomoka. Lakini si hilo lililotutoa jasho. Sasa ukimtazama yule Waziri anauvuta mkanda wa mjane kwa mikono miwili, ungeapa kwamba anamnyang'anya ili ajifunge mwenyewe.

Merv aliketi kwenye kiti chake.

"Nilimwambia," alisema. "Hakunisikia. Na mimi sikurudia."

Magazeti yaliisha mtaani kabla ya saa nane. Wauzaji walirudi getini kuomba mengine, na mmoja alitueleza kwamba pale kituo cha tramu watu walilibandika dirishani, wakawa wanavuliana mikanda kwa mzaha. Bungeni, mbunge mmoja wa upinzani aliliinua gazeti Waziri akiwa katikati ya kusoma. Nyuma ukumbini mtu alipaza sauti, "Mheshimiwa, shika suruali!" Kicheko kilikuwa kikubwa hata Waziri akaacha kusoma, na, Mungu amsamehe, akashusha mkono kuugusa mkanda wake. Hayo tuliyapata kwa Haddrick, aliyeingia kwetu saa tisa amekunjamana uso, hajui acheke au apigane.

"Nani kagusa mchoro wangu?"

"Mimi," alisema Merv.

"Wewe?" Haddrick alikaa juu ya kreti. "Mchungaji, watu wanne wamenishika mkono njiani. Wanne. Mmoja kaninunulia bia. Miaka kumi na tano nachora, hakuna aliyewahi kuninunulia bia, na leo nanunuliwa kwa kitu nisichokichora mimi."

Merv hakucheka. Alimweleza yote, na Haddrick naye akaacha mzaha, kwa sababu alilijua tangazo la mlangoni.

Bwana Stanton alishuka muda mfupi baadaye. Uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi za kukagulia. Mwenye gazeti alikuwa amepiga simu, na alitaka jina. Kwanza aliamuru toleo la mwisho litumie mchoro wa asili, mkanda ukiwepo. Ule uliokatazwa asubuhi ndio uliokuwa mpole sasa. Merv alitengeneza bamba jipya mbele yetu. Nilipokwisha kulipokea, Bwana Stanton aliweka karatasi tupu na kalamu mezani.

Alizungumza taratibu, karibu kwa kubembeleza. Aliomba Merv aandike kwamba patasi iliteleza. Ajali kazini, basi. Yeye mwenyewe angemwombea juu. Hatukuinua macho, si mimi wala Haddrick. Sote tulijua kosa lililoandikwa kwa mkono wako lingekuwa na maana gani Jumamosi.

Merv aliacha shule akiwa na miaka kumi na miwili, kama wengi wetu wa chini. Kuandika kwake kulikuwa kuchora, herufi moja moja. Alichukua muda mrefu. Bwana Stanton alisimama, akatembea hadi dirishani, akarudi. Haddrick aliwasha sigara akaiacha izime. Mwishowe Merv akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

Mhariri aliisoma kwa sauti, nadhani bila kukusudia, kama mtu anayesoma habari iliyoletwa sasa hivi. Ilisema: "Patasi haikuteleza. Nilitoa mkanda kwa amri ya Bwana Stanton. Nilimwambia suruali haitakuwa na kitu cha kuishika. Nilimwambia mara moja tu na kwa sauti ndogo. M. Pengelly."

Alisoma mstari wa mwisho tena, kimya.

"Sauti ndogo?"

"Ndiyo, Bwana."

"Sikukusikia."

"Najua. Ndiyo maana nimeandika."

Bwana Stanton alinigeukia. Labda alitaka niseme kwamba hapakusemwa neno lolote. Nilimwambia kwamba mimi nilisikia, lakini nilikuwa karibu, naye alikuwa anatazama saa. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaondoka bila kutuaga. Haddrick alisema afadhali angeichana mbele yetu, tungejua tumesimama wapi.

Ijumaa haikuisha. Hakuna aliyeshuka kutuambia lolote. Mpiga chapa wa ofisini, Bi. Doris Lauterbach, alipita saa nne kuchukua makaratasi, nikamwuliza. Alisema jana jioni mhariri aliingia kwa mwenye gazeti na karatasi iliyokunjwa mara mbili, akakaa dakika arobaini, mlango umefungwa, na alipotoka alisahau kofia yake. Zaidi ya hayo hakujua, au hakutaka kujua. Merv alifanya kazi yake, akasugua beseni la tindikali mara mbili ingawa lilikuwa safi. Jioni aliniuliza, kwa macho yaliyotazama chini, kama nadhani kuna gazeti Melbourne linalochukua mtu wa umri wake. Nilisema lipo. Nilidanganya.

Jumamosi saa sita makarani walipita na sanduku la bahasha za mshahara. Bahasha yenye barua ungeijua kwa unene. Watu walizipapasa kwanza kabla ya kuzifungua. Jamaa wawili wa kwenye mtambo walikwenda kukaa uani, bila kusema na mtu. Bahasha ya Merv ilikuja, akaitia mfukoni moja kwa moja, akavaa koti. Nilimwambia aipapase. Akasema, "Nje."

Tulitoka pamoja. Alitembea upesi, mimi nikimfuata nyuma, tukapita duka la kofia lililokuwa limefungwa tangu mwaka uliotangulia, madirisha yake yamepakwa chokaa. Hapo alisimama, akanipa bahasha. Alinitaka niifungue mimi.

Nilitia vidole vyangu viwili ndani. Palikuwa na mshahara, uliopunguzwa kama wetu sote. Niliigeuza bahasha chini juu, nikaikung'uta, nikaipasua upande ili aone ndani yote.

"Hamna barua, Merv."

"Tazama tena."

"Nimetazama. Hamna."

Alikaa kwenye ngazi ya lile duka. Sio kwamba alilia. Alikaa tu, kofia magotini, anapumua kama mtu aliyekuwa ameishikilia pumzi yake tangu Alhamisi. Tramu ya Hindmarsh ilikuja ikapita. Nilimwambia imepita. Akasema anajua, na kwamba itabidi nimngojee kidogo, kwa sababu miguu bado haijamrudia. Nikakaa ngazi ya chini yake. Tulikaa mpaka tramu ya tatu.