Mzee Yuko Ndani ya Sabufa

Jumapili iliyopita hapa Migosi, Kisumu, mama wa watu alimsikia marehemu mumewe akipiga gita ndani ya ukuta.

Msiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimetoka kanisani.

Jirani yangu Byron Oketch ni fundi wa kujisifu. Mambo ya sauti alisomea wapi, hakuna ajuaye, lakini ukipita na karedio kako mkononi atakusimamisha akufundishe. Baba yake alipiga gita la besi kwenye bendi moja ya Asembo Bay, akafariki Byron akiwa bado mdogo. Aliacha wimbo mmoja uliorekodiwa na spika mbili za mbao.

Hizo spika Byron alizibeba akazileta Kisumu bila kumwambia mama yake, Mama Beldina.

Mama akapiga simu. "Byron, spika za baba yako ziko wapi?"

"Mama, tulia. Nanunua sabufa. Nikishaiunganisha na hizo spika, utakuja umsikie Mzee kama yuko hai."

"Nikija nisimsikie, nazibeba."

"Sawa, Mama."

Alijifunga kamba mwenyewe, mnaona?

Sabufa ikaja. Yawa! Dude lenyewe kubwa kama friji ndogo. Mtu mwenye akili angelitafutia mahali linaposikika vizuri. Byron alilitafutia mahali linapoonekana. Akaliweka chini ya TV, limeegemea ukuta wa jirani, linatazama mlango, ili mgeni akiingia macho yatue hapo. Juu yake kitambaa cha kushona na maua ya plastiki. Stika ya dukani hakutoa, ati watu wasidhani ni mtumba.

Nyuma ya sabufa kuna kinobu cha kuamua besi ya spika iishie wapi na ya sabufa ianzie wapi. Byron akakizungusha mpaka mwisho. Cha sauti pia, mpaka mwisho.

Mke wake, Caren, ana masikio.

"Baba Shantel, mbona nikiwa jikoni nasikia besi, nikikaa kwa kochi inapotea? Hivi vitu vinapigana. Kimoja kinasukuma, kingine kinavuta. Isogeze kwa kona nyuma ya kochi, halafu uipunguze ifuate spika."

"Kona? Nani ataiona huko?"

"Kwani tunaiangalia?"

"Caren, mambo ya sauti niachie mimi."

Haya basi.

Mama Beldina akafika na samaki wake wa kukaanga. Sasa, sisi Wajaluo, mama halali kwa mwanawe aliyeoa, hata nyumba ikiwa ya kukodi. Kwa hivyo kitanda chake kilitandikwa mlango wa pili, kwa Mumbi, Mama Nduta, anayeuza mitumba soko la Kibuye. Mumbi na Byron wanagawana ukuta.

Baada ya chakula, Byron akasimama katikati ya sebule kama MC wa harusi. Mama akaketishwa kwenye kochi. Byron akaipapasa sabufa.

"Mama, Mzee yuko ndani humu."

Akawasha. Maua ya plastiki yakacheza, vikombe vikagongana kabatini. Lakini pale kwenye kochi, mahali pa heshima, besi ilikuwa imezama kabisa. Mama alitega sikio mpaka wimbo ukaisha.

"Bendi yote nimeisikia," akasema. "Baba yako ndiye hajafika."

"Ngoja niongeze, Mama."

"Usiongeze. Kesho asubuhi nabeba spika zangu." Akachukua mkoba wake, akaenda kwa Mumbi kupumzisha miguu.

Hizo spika ndizo kitu pekee cha baba yake alichokuwa nacho Byron. Aliumia kweli, na mimi nilimhurumia. Kidogo. Maana mtu wa nyadhi, wa kujionyesha, akiumia, haendi pole. Aliurudia ule wimbo tena na tena, sauti juu, ploti nzima ikitetemeka.

Mlango ukagongwa. Ni Mumbi.

"Mama Nduta, pole, nazima saa hii."

"Wee, usizime! Mama amesema uurudishe mwanzo."

Byron akatoka mbio na ndala mguu mmoja. Sisi majirani tukafuata, udaku hauna Jumapili.

Mama Beldina alikuwa kitandani, mgongo ukutani, viatu amevua, kidole gumba cha mguu kikifuata mapigo. Machozi yanamtoka na anacheka. Kupitia ule ukuta mwimbaji hakusikika, ngoma hazikusikika. Ilikuwa besi peke yake, safi.

"Huyo ndiye," akasema. "Wuon Byron, baba yako, ndiye huyo."

"Mama, kwangu umekaa kiti kizuri na hukumsikia!"

"Nyathina, mwanangu, baba yangu hakuniruhusu kuingia ukumbini hata siku moja. Bendi ikipiga ndani, mimi niko nje nimeegemea ukuta hivi. Baba yako nilimpenda kabla sijaona uso wake."

Mumbi akajipangusa na leso. Mimi pia kuna kitu kiliniingia jichoni.

Byron akashusha pumzi. "Kwa hivyo, Mama, spika zinabaki?"

"Zinabaki."

Kifua kikarudi. Akatugeukia. "Si niliwaambia? Mambo ya sauti..."

"Nabeba sabufa," Mama akamaliza.

"Sabufa? Mama, hiyo si..."

"Ulisema Mzee yuko ndani humo. Ni kweli, nimemsikia. Marehemu wetu huwa tunamwacha mjini?"

Kwetu marehemu hurudishwa nyumbani, hata afie wapi. Hilo swali Mjaluo atalijibu vipi?

Asubuhi sabufa ikapakiwa kwenda Asembo Bay, na kitambaa chake, na maua yake, na stika. Caren alisaidia kuibeba, na hakuficha meno. Nasikia Mama ameiweka chumbani ikipiga wimbo ule, yeye anakaa sebuleni, mgongo ukutani.

Jana nilipita kwa Byron. Zile spika za mbao zilikuwa zinapiga wimbo ule ule, pole pole. Na kwa kuwa hakuna tena dude la kupigana nazo, kabesi ka Mzee kalikuwa kanasikika. Kadogo, lakini kapo. Byron alikuwa kwenye kochi, ametega sikio kama mama yake.

Funzo, ndugu zangu: sabufa usiiweke mahali wageni wataiona. Iweke mahali mke wako amesema. Na ukitaka kujua kama umeiunganisha vizuri, usikiulize kiti chako. Muulize jirani.